Tusingoje Giza Ndipo Tutafute Kibiriti

(Haya ni maelezo ya mazungumzo ambayo mwandishi wetu aliyatoa jioni mbele ya wazee na vijana wa tawi lake, Mjini Unguja.)



Mmenitaka nizungumze juu ya umeme na maisha yetu ya kila siku. Kwanza nikiri kwamba mimi si fundi. Sijapata kupanda nguzo, na transfoma naijua kwa kuiona kwa mbali, kama anavyoijua mpita njia mwingine yeyote. Kazi yangu ni kuandika. Lakini naamini kwamba suala la umeme si la mafundi peke yao, kama vile suala la maji lisivyokuwa la wachimba visima peke yao. Anayepika, anayeoga na anayeuguza mgonjwa nao wana neno la kusema. Mimi ni mmoja wa watu waliokaa gizani miezi mitatu, kwa hiyo neno ninalo.

Wengi wenu mnakumbuka. Tarehe 10 Desemba 2009 kisiwa kizima cha Unguja kilikosa umeme, na umeme haukurudi mpaka tarehe 9 Machi 2010. Hiyo ilikuwa mara ya pili katika muda usiozidi miaka miwili, maana mwezi wa Mei 2008 tulikuwa tumekwisha kukaa gizani kwa karibu wiki nne. Mara zote mbili chanzo kilikuwa katika njia ile ile moja: waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari mwaka 1980, kutoka Ras Kiromoni huko Bara hadi Ras Fumba hapa Unguja. Uwezo wake ulikuwa megawati 45, nao ndio uliokuwa mrija wetu pekee. Ndugu zetu wa Pemba, ambao wakati ule walikuwa bado wanatumia majenereta ya dizeli, hawakuguswa na hitilafu ile. Sisi tuliojiona tumetangulia ndio tuliokaa gizani.

Mimi wakati huo nilikuwa kidato cha sita, na mtihani wa taifa ulikuwa ufanyike mwezi wa Februari. Nyumbani kwetu, upande wa Ng'ambo, tulikuwa na friji moja. Nalitaja friji hilo kwa sababu ndilo lililokuwa shamba letu. Mama aliuza barafu, malai na maji baridi kwa watoto wa skuli, na majirani wasiokuwa na friji walimwekea samaki wao kwa malipo kidogo. Katika friji hilo tulipata unga, sabuni, na ada ya masomo yangu ya ziada.

Siku ya kwanza mama alitukataza hata kuligusa, ili baridi isitoke. Siku ya pili maji yalianza kutiririka sakafuni. Siku ya tatu alilifungua, na harufu ikatangulia kutoka kabla ya yeye kutia mkono. Sehemu kubwa ya samaki wa watu ilikuwa imeharibika. Bibi yangu, aliyekuwa amekaa barazani, alisema maneno ambayo sijayasahau: “Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuiona akiba yenu hii.” Kisha akaomba chumvi. Samaki waliokuwa bado wazima akawapasua, akawatia chumvi na kuwaanika juani mpaka wakawa ng'onda. Kazi ile, ambayo sote tulikwisha kuiona ya kizamani, ndiyo iliyotupatia kitoweo wiki ile na wiki iliyofuata. Mama, ambaye alikuwa amekwenda skuli na kuendesha biashara yake mwenyewe, hakuijua. Ilimbidi afundishwe barazani na mama yake mzazi, mbele ya wanawe.

Hasara haikuishia kwa samaki. Mwezi wa kwanza ulipokwisha, mama aliuza herini zake za dhahabu. Usiku nilisoma kwa kibatari mpaka pua ikajaa masizi. Mafuta yalipotuishia, nilikwenda na wenzangu kukaa nje ya ukuta wa hoteli moja iliyokuwa na jenereta, tukasoma kwa mwanga uliomwagika barabarani. Mlinzi alitufukuza mara mbili. Mara ya tatu alituuliza tunasoma nini, tukamwambia, akatuacha. Umeme uliporudi, mitaa ilijaa vifijo na watoto wakacheza nje mpaka usiku mkubwa. Lakini mtihani ulikuwa umekwisha, na herini hazikurudi.

Ndugu wananchi, nimeyasimulia haya kwa sababu naona yana mafunzo manne ambayo hatuna budi kuyazingatia leo, wakati taa zinawaka.

Funzo la kwanza ni kwamba umeme si taa. Mtu akisema umeme umekatika, jambo la kwanza tunalolifikiria ni giza. Na giza ndilo jepesi kuliko yote, maana mshumaa huliondoa. Lililo zito ni maji. Unguja haina mito mikubwa. Maji yetu hutoka katika chemchemi na visima, na sehemu kubwa husukumwa kwa pampu. Zamani, katika utawala wa Sultan Barghash kati ya mwaka 1870 na 1888, ulijengwa mfereji ulioteremsha maji ya chemchemi mpaka mjini kwa nguvu ya mteremko tu. Leo watu ni wengi na mji umepanuka kupita kiasi hicho, kwa hiyo pampu ikisimama bomba hukauka. Katika miezi ile mitatu, aliyeteseka zaidi hakuwa yule aliyekosa televisheni. Aliteseka mama aliyebeba dumu la maji kichwani tangu alfajiri, na mzee wa ghorofa ya juu aliyekuwa hawezi tena kushuka wala kupanda ngazi.

Baada ya maji kuna dawa. Chanjo nyingi za watoto wetu hazina budi kuhifadhiwa katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Joto likizidi kwa muda, hupoteza nguvu yake hata kama chupa inaonekana safi. Baada ya dawa kuna kazi: mashine ya kusaga nafaka, kinyozi, fundi wa kuchomea vyuma, mvuvi anayehitaji barafu ili samaki wake wafike sokoni. Siku hizi limeongezeka jambo jingine. Mwaka 2009 simu ilikuwa chombo cha kuzungumzia. Leo simu ndiyo mkoba wa fedha. Hata umeme wenyewe, uwe wa LUKU huko Bara au wa Tukuza hapa kwetu, wengi huununua kwa simu. Simu ikizimika, mtu hushindwa kununua kile ambacho kingeiwasha. Kwa hiyo giza la miezi mitatu likitokea leo litatuumiza kuliko lile la 2009, kwa kuwa tumeyatundika mambo mengi zaidi katika msumari ule ule.

Funzo la pili ni kwamba giza haliwapati watu wote sawasawa. Husemwa kwamba usiku ni wa wote, na kwa macho ndivyo ilivyo. Lakini katika giza lile, mwenye fedha alinunua jenereta, na mwenye jenereta aliuza barafu kwa bei aliyoitaka. Mafuta ya taa na mishumaa ilipoadimika madukani, walanguzi hawakukosekana. Mnyonge alilipa mara mbili: alipoteza kipato chake kwa kukosa umeme, kisha akatoa kile kidogo kilichobaki kununua mwanga kwa bei ya juu. Uchunguzi wa kitaalamu uliochapishwa mwaka 2014, kuhusu giza la mwaka 2008 hapa Unguja, ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walikuwa wajawazito wakati ule walizaliwa, kwa wastani, na uzito pungufu, na ukahusisha jambo hilo na kupotea kwa mapato majumbani. Tulitafakari maneno hayo vizuri. Waya uliharibika Fumba, na hasara ikasomwa katika mizani ya wodi ya wazazi.

Kwa sababu hiyo simkubalii mtu anayesema kwamba wananchi wamezoea anasa, wakae na vibatari kama walivyokaa babu zao. Hapa petu, umeme ulianza kuwa maajabu ya jumba la mfalme. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883, linasemekana lilipata jina lake kwa sababu ya taa za umeme na lifti ambazo watu hawakuwa wamepata kuziona. Huko Dar es Salaam, Wajerumani walipoleta umeme mwaka 1908, waliupeleka kwenye karakana za reli na kwenye mitaa waliyokaa Wazungu. Aliyejenga reli hakuwashiwa taa. Kuutoa umeme katika jumba la mfalme na kuufikisha kwa muuza barafu wa Ng'ambo ni matunda ya uhuru na Mapinduzi. Huko Bara, Serikali imetangaza kwamba umeme umefikishwa katika vijiji vyote 12,318. Kijiji kufikiwa si sawa na kila nyumba kuunganishwa, na kazi hiyo bado ipo mbele yetu. Lakini mwelekeo ni wa haki. Umeme ni haki ya mwananchi. Palipo na haki hiyo, kukatika kwake si usumbufu mdogo wa kufanyiwa mzaha.

Funzo la tatu ni juu ya kujitegemea. Tangu Azimio la Arusha mwaka 1967 tumelitamka neno hili mara nyingi mno, hata pengine tumelichosha. Hebu tulipime kwa waya wa bahari. Kabla ya mwaka 1980 Unguja ilizalisha umeme wake kwa mitambo ya dizeli pale Mtoni. Waya ulipofika ulileta umeme mwingi na nafuu zaidi, na uamuzi wa kuulaza ulikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuja baadaye, polepole, bila ya mtu mmoja kulitenda. Mitambo ya zamani ilizeeka, na kwa kuwa waya ulikuwa unafanya kazi, hapakuwa na aliyekosa usingizi kwa ajili yake. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Tuliuacha mbacha ukaoza. Siku msala ulipoondolewa, tukakaa chini.

Hapana budi kusema pia kwamba somo lile lilisikika. Mwaka 2010 Pemba iliunganishwa na Tanga kwa waya wake wa bahari. Yaliwekwa majenereta ya akiba pale Mtoni. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya mpya wa Unguja wenye uwezo wa megawati 100, uliogharimiwa kwa msaada wa Marekani. Hizo ni hatua kubwa. Hata hivyo, mpaka leo sehemu kubwa ya umeme wetu hutoka Bara, na kwa hiyo shida ya Bara ni shida yetu pia.

Na Bara nako kuna historia yake ya mrija mmoja. Kwa miaka mingi tegemeo kubwa lilikuwa maji ya mabwawa: Kidatu yenye megawati 204, Mtera yenye megawati 80, na baadaye Kihansi yenye megawati 180. Mvua ziliponyesha mambo yalikwenda. Ziliposhindwa, nchi iliingia katika mgao. Ukame wa mwaka 2006 uliilazimisha nchi kutafuta umeme wa dharura kwa haraka. Mkataba mmojawapo uliofungwa katika haraka ile ulichunguzwa na Kamati Teule ya Bunge, na baada ya taarifa yake kusomwa, Waziri Mkuu wa wakati huo alijiuzulu mwezi wa Februari 2008. Mtu aliye gizani hununua kibiriti bila ya kuuliza bei. Taifa nalo ni hivyo hivyo. Asiyejiandaa mapema hujikuta anafunga mikataba usiku.

Mwaka 2023 mgao ulirudi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ulianza kuzalisha umeme, na kufikia mwaka 2025 mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika, kila mmoja ukiwa na megawati 235, jumla yake megawati 2,115. Ni kazi ya kujivunia, nami najivunia. Lakini naomba tusifanye tena kosa la mbacha. Rufiji nayo ni mto, na mto huishi kwa mvua. Gesi ya Songosongo na Mtwara, jua ambalo hatulinunui kwa mtu, na upepo, vyote hivyo visisahauliwe kwa sababu tu bwawa limejaa. Na umeme ulio mwingi bwawani hauna faida nyumbani ikiwa nguzo zimeoza, waya ni mwembamba na transfoma imezidiwa.

Funzo la nne linanihusu mimi mwenyewe na kazi yangu, nami naomba mnivumilie nikiri mbele yenu. Mwaka 2023, wakati wa mgao, nilikuwa ninaishi Dar es Salaam. Niliandika makala nikasema kwamba kulikuwa na “upungufu” wa umeme na kwamba wananchi wawe na subira. Neno mgao sikulitumia. Hakuna aliyenikataza, nilijikataza mwenyewe, nikidhani kwamba ninasaidia. Asubuhi moja nilipita kwa fundi cherehani wa mtaa wetu, mama wa makamo aliyekuwa na mashine mbili za umeme na oda ya sare za skuli. Alikuwa amelisoma gazeti. Akaniambia: “Mwanangu, umeandika umeme umepungua. Hapa kwangu haukupungua, haupo. Kama umepungua, nionyeshe huo uliobaki niukalie.” Nilicheka. Yeye hakucheka. Kisha akasema jambo lililonichoma zaidi: “Mngeniambia ukweli kwamba utakatika saa tatu mpaka saa kumi na mbili jioni, ningeshona usiku. Mimi siogopi kazi ya usiku. Naogopa kukaa nikingoja.”

Ndugu zangu, yule mama hakuomba muujiza. Aliomba ratiba. Subira inawezekana kwa mtu anayejua anasubiri nini na mpaka lini. Mwananchi anayeambiwa ukweli hupanga kazi zake. Anayefichwa hukisia, na kutokana na kukisia huzaliwa uvumi. Kwa hiyo nawaomba viongozi wetu, na wanaohusika na umeme, watangaze saa za kukata na saa za kurudisha, kisha waziheshimu. Na sisi waandishi wa gazeti la Chama tuuite mgao kwa jina lake. Gazeti linalopamba giza halimsaidii kiongozi, maana linamfanya asisikie kilio mpaka kiwe ghadhabu.

Baada ya kusema wajibu wa wakubwa, niseme wajibu wetu majumbani, kwa kuwa si haki kumngoja kiongozi aje kutuwekea maji katika mtungi.

Kwanza, kila nyumba iweke akiba ya maji safi yaliyofunikwa, wakati bomba linatoka. Pili, pawe na taa ya akiba, na yafaa iwe ya jua au ya betri. Kibatari na mshumaa vimekwisha kuteketeza nyumba na watoto ndani yake. Kama hapana budi kuvitumia, visiachwe karibu na chandarua wala mbele ya mtoto aliyelala. Tatu, mwenye jenereta asiliwashe ndani ya nyumba wala ukumbini. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua watu usingizini. Nne, umeme ukikatika, tuchomoe vyombo, tuache taa moja tu ya kututambulisha kwamba umerudi. Aghalabu hurudi kwa kishindo na kuviunguza. Friji lisifunguliwe ovyo. Likiachwa limefungwa huhifadhi baridi kwa saa nne hivi, na friza iliyojaa huweza kufika siku mbili. Tano, tuwaulize wazee. Kutia samaki chumvi, kuanika muhogo, kuhifadhi embe kwa achari, kupoza maji katika mtungi wa udongo, hayo ni maarifa. Kijana anayejua kutumia kompyuta na kutengeneza ng'onda hakupungukiwa na kitu. Ana mikono miwili badala ya mmoja.

Sita, na hili ni zito: tusiwe sisi wenyewe wanaoleta giza. Anayeiba mafuta ya transfoma, anayekata waya auze shaba, anayejiunganishia kwa mlango wa nyuma, wote hao wanamwibia muuza barafu na mama aliye wodini. Tunawajua, maana wanaishi mitaani kwetu. Kumnyamazia mwizi wa transfoma ni kumshikia ngazi.

Na saba, tuangaliane. Katika miezi ile mitatu niliona pia mambo mema. Mwenye kisima alifungua mlango wake. Mwenye jenereta ndogo, jirani yetu, alichaji simu za mtaa mzima bila ya malipo kila Ijumaa. Watu waliokuwa wakifungiwa ndani na televisheni walirudi barazani, na watoto wakasikia hadithi. Sitaki giza lirudi ili tupate baraza. Nataka baraza libaki wakati taa zinawaka, ili siku zikizimika tuwe tunajuana.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Bibi yangu amekwisha kutangulia mbele ya haki. Mama yungali hai, ana friji jipya, na biashara yake inaendelea. Lakini nyuma ya mlango wa jikoni ameweka chombo cha chumvi ya mawe, kikubwa kuliko mahitaji ya nyumba. Nilimwuliza mwaka jana cha nini. Akanijibu kwamba hicho ndicho waya wake wa pili. Napenda taifa letu nalo liwe na chumvi yake nyuma ya mlango: mitambo ya akiba inayotunzwa, vyanzo vinavyosaidiana, na ukweli unaosemwa mapema. Hapo tutaweza kuutegemea umeme bila ya kuuogopa.